DARASA SI RIKA: TUWALINDE WATOTO WETU UWANJANI



Ukipita jioni barabara ya Bagamoyo, kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege hadi Zinga, huwezi kukosa kuona watoto wakicheza mpira. Wengine wana jezi na viatu, wengine wako peku mchangani na magoli yao ni mawe mawili. Nasi tunafurahi kuwaona. Mtoto anayecheza hujenga moyo, mapafu na mifupa. Hujifunza kushinda bila majivuno na kushindwa bila kinyongo. Hivyo makala haya hayaji kuwazuia watoto wasicheze. La hasha! Yanakuja kuuliza swali moja tu: mtoto wetu anacheza na nani?

Mashindano yanapoandaliwa, shuleni, kigangoni au mtaani, aghalabu timu hupangwa kwa darasa. Darasa la tano hucheza na darasa la tano, kidato cha kwanza na kidato cha kwanza. Ni njia rahisi: orodha ya majina ipo, mwalimu anawajua wote, na marafiki hubaki pamoja. Lakini sisi tunaowapokea watoto walioumia tunaona upande wa pili wa utaratibu huo. Tungependa mwezi huu tujifunze pamoja tofauti iliyopo kati ya darasa na rika, na kwa nini tofauti hiyo huweza kuvunja mkono wa mtoto.

DARASA HUTUAMBIA NINI?

Darasa hutuambia mtoto amefundishwa nini. Halituambii mifupa yake imekomaa kiasi gani.

Wakubwa wenzetu wanakumbuka jinsi walivyoandikishwa shule. Mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Aliyelifikia alipokelewa, asiyelifikia alirudishwa nyumbani hadi mwaka mwingine. Kwa miaka mingi umri uliotakiwa kuanza darasa la kwanza ulikuwa miaka 7, lakini kwa kuwa wengi hawakuwa na cheti, sikio ndilo lililokuwa cheti. Mtoto mwenye mikono mirefu aliingia mapema, na mwenye mikono mifupi akangoja. Basi tangu siku ya kwanza darasa lilikuwa na watoto wa umri mbalimbali.

Sababu nyingine zikaongezeka. Ada ya shule za msingi ilipokwisha kuondolewa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, watoto wengi waliokuwa wamekaa nyumbani walipata nafasi ya kusoma, wakubwa kwa wadogo. Mpango wa MEMKWA nao uliwachukua waliokosa shule wakiwa na umri mkubwa zaidi, na baadhi yao wakajiunga na madarasa ya kawaida. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali iliruhusu vijana waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Haya yote ni mambo mema ya kushukuriwa. Lakini yanatufundisha kwamba wanafunzi wa darasa moja wanaweza kupishana miaka mitatu, minne au zaidi.

Jirani zetu wa Kenya walitupa mfano ambao dunia nzima iliusikia. Mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na miaka 84, aliandikishwa darasa la kwanza huko Eldoret. Aliketi dawati moja na watoto wa miaka sita na saba, akajifunza kusoma nao. Kwa masomo hakuna aliyeumia, na wote walifaidika. Lakini je, kuna mwalimu ambaye angepanga timu ya mpira kwa darasa na kumweka babu huyo kati ya wale wajukuu? Tunacheka, lakini jibu tunalo: uwanjani hatutazami darasa, tunatazama rika.

MWILI WA MTOTO HUKUAJE?

Kila mfupa mrefu wa mtoto, kama wa mkono au wa mguu, una sehemu laini ya gegedu karibu na ncha zake. Hapo ndipo mfupa unapoongezeka urefu. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, na mara nyingi ni dhaifu hata kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Ndiyo maana kishindo ambacho kwa mtu mzima kingeteua kifundo tu, kwa mtoto kinaweza kuvunja sehemu hiyo ya ukuaji. Isipotibiwa vizuri, mfupa unaweza kukua ukiwa umepinda, au mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake.

Kubalehe nako hakuji kwa siku moja kwa watoto wote. Kwa kawaida wasichana huanza kati ya miaka 8 na 13, na wavulana kati ya miaka 9 na 14. Wakati huo mtoto hurefuka haraka: wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 12, na wavulana karibu na miaka 13 au 14. Mvulana aliyekwisha kubalehe ana misuli mipana, uzito mkubwa na mbio kali. Asiyebalehe bado ana mwili wa kitoto, hata kama wanakaa dawati moja na kuandika mtihani mmoja.

Chukueni mfano huu. Mtoto wa kilo 28 anakimbilia mpira. Upande wa pili anakuja mwenzake wa darasa lilelile, mwenye kilo 56, kwa mwendo uleule. Kishindo cha huyu wa pili ni mara mbili. Wakigongana, ni nani atakayeanguka, na nani atakayeangukiwa? Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hapa hata hakuna vita. Tembo anacheza tu, na nyasi zinaumia vilevile.

Tumewahi kumpokea mvulana wa miaka 11 aliyevunjika mifupa yote miwili ya mkono chini ya kiwiko. Aliyegongana naye alikuwa na miaka 15. Walikuwa darasa moja, na wala haukuwa mchezo mbaya. Wote wawili waliufuata mpira kwa haki. Yule mkubwa alikuja naye hospitalini huku akilia, akisema hakukusudia. Tulimwamini. Kosa halikuwa lake wala la mgonjwa. Lilikuwa kwenye mpango uliowaweka uwanja mmoja.

JE, MTOTO MWENYE UMBO KUBWA?

Wazazi wengine husema, "Mwanangu ana miaka 10 tu, lakini ni mkubwa, acha acheze na wa miaka 14." Hapa tuwe waangalifu. Mtoto mrefu bado ni mtoto. Sehemu za ukuaji katika mifupa yake bado ni laini, na akili yake haijajifunza kukwepa hatari kwa wepesi kama ya mkubwa. Tena anayekua haraka huweza kupata maumivu chini ya goti, mahali kano ya paja inapojishika kwenye mfupa wa ugoko. Uvimbe mdogo hujitokeza na huuma akikimbia au akiruka. Huyo apunguziwe mazoezi hadi maumivu yatulie. Asiambiwe ni mvivu.

Kadhalika, watoto wa mwaka mmoja hawalingani kabisa. Aliyezaliwa Januari amemzidi wa Desemba kwa karibu miezi 12, na mmoja anaweza kubalehe mapema kuliko mwingine. Kwa hiyo rika ni msingi, lakini juu ya msingi huo macho ya mwalimu na mzazi yanahitajika pia.

VIJEBA NA VYETI VYA UONGO

Kuna jambo linalotusikitisha. Mzazi au kocha hupunguza miaka ya kijana ili acheze na wadogo na timu ishinde. Watu wa mpira humwita kijana huyo kijeba. Wengi huliona ni jambo la ujanja tu, lakini lina gharama.

Taifa letu limeionja gharama hiyo. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imefuzu fainali za Afrika zilizochezwa Gambia. Ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Vijana wote waliotoka jasho wakabaki nyumbani. Mwaka 2017 mambo yakageuka: Congo Brazzaville iliondolewa kwa shauri la umri wa mchezaji wake, na Serengeti Boys wakaenda Gabon kuchukua nafasi hiyo.

Shirikisho la soka la dunia, FIFA, lilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009. Wataalamu hutazama ile sehemu ya ukuaji tuliyoieleza. Ikiwa imekwisha kufungana kabisa, karibu ni hakika kwamba kijana amepita miaka 17. Kwa maneno mengine, karatasi inaweza kudanganya, lakini mfupa ni vigumu. Hata hivyo, kipimo hiki ni ghali, hakisemi tarehe ya kuzaliwa, na si cha kuwapima watoto wa shule za msingi. Kwetu sisi kipimo cha kwanza ni ukweli wa mzazi. Anayedanganya umri ili timu ishinde kombe, ajue anamweka hatarini mtoto wa mwenzake.

Lakini tusimdharau kijana aliyechelewa shule. Hakuchagua kuchelewa. Asizomewe wala asiitwe kijeba kwa kejeli. Apewe timu ya rika lake, hata kama ni ya madarasa ya juu au ya vijana wa mtaani, na afundishwe kuchezesha au kusimamia wadogo. Huko atakuwa kaka au dada yao, si hatari kwao.

WENZETU HUFANYAJE?

Swali hili si letu peke yetu. Marekani kuna mchezo uitwao lakrosi, ambao wachezaji hushika fimbo yenye wavu na kurushiana mpira mdogo mgumu. Mwaka 2014 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya mchezo huo, huko Denver. Wamarekani wamebishana sana kama watoto wapangwe kwa darasa au kwa tarehe ya kuzaliwa, kwani baadhi ya wazazi huwarudisha watoto darasa kwa makusudi ili wawe wakubwa kuliko wenzao. Chama kinachosimamia mchezo huo nchini humo hushauri kwamba watoto wadogo wapangwe kwa tarehe ya kuzaliwa.

New Zealand, katika raga ya watoto, wamekuwa wakitazama umri pamoja na uzito, kwa kuwa mchezo huo ni wa kukabana miili. Na Uingereza, vituo vya kulea vijana vya vilabu vya Ligi Kuu vimejaribu baadhi ya siku kuwapanga vijana kwa kiwango cha kukomaa kwa mwili. Tunaona basi kuwa penye michezo ya kugongana, watu hawaridhiki na jina la darasa peke yake.

UTARATIBU TUNAOSHAURI

Hatuhitaji mitambo. Twahitaji daftari, mizani na nia njema.

1. Timu zipangwe kwa mwaka wa kuzaliwa: chini ya miaka 8, chini ya 10, chini ya 12, chini ya 14, chini ya 16. Tarehe ya kuhesabia iwe moja kwa wote, kwa mfano Januari 1.

2. Katika mchezo wa kugongana, kama soka, wachezaji wasipishane zaidi ya miaka miwili.

3. Ndani ya rika moja, mwalimu awatazame walio wadogo sana au wakubwa sana. Mdogo anaweza kushuka kundi moja kwa ruhusa ya mzazi na makubaliano ya timu zote, bila kuficha. Kumpandisha mtoto kundi la wakubwa kusifanywe kwa sababu ya umbo peke yake.

4. Michezo ya darasa isiyo ya kugongana iendelee kama zamani: mbio za kupokezana vijiti, kuruka kamba, rede. Hapo darasa lote linaweza kuwa pamoja.

5. Magoli ya chuma au mbao yachimbiwe au yafungwe imara. Goli linaloanguka limekwisha kuua watoto katika nchi mbalimbali. Watoto wasining'inie juu yake.

6. Waliovaa viatu vya njumu wasichanganywe na walio peku. Wote wavae, au wote wavue.

KUUJUA UMRI WA MTOTO

Wengine watasema, "Mtoto hana cheti." Tusikate tamaa, tutazame hivi:

(a) Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, serikali ilianzisha mwaka 2013, kuanzia Mbeya, mpango wa kuwasajili bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Mwenye mtoto mchanga asingoje hadi aanze shule.

(b) Kadi ya kliniki. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa humo na mhudumu tangu mwanzo. Mama, itunze kadi hiyo hata chanjo zikiisha.

(c) Cheti cha ubatizo. Soma tarehe ya kuzaliwa, si tarehe ya kubatizwa. Kuna waliobatizwa wakiwa na miaka mingi.

(d) Kumbukumbu za familia. Mwulize mama au bibi: alizaliwa kabla au baada ya sensa ya Agosti 2012? Uchaguzi wa Oktoba 2015? Msiba wa Rais Magufuli wa Machi 2021? Kwa njia hii tutaukaribia mwaka wake.

MTOTO AKIUMIA

Hata tukipanga vizuri, ajali haikosi. Mambo haya manne tuyashike.

Kwanza, kichwa. Mtoto aliyegongwa kichwa akapotewa na fahamu, akachanganyikiwa, akasahau au akaona kizunguzungu, atoke uwanjani na asirudi siku hiyo, hata akisema amepona. Aletwe hospitalini upesi akitapika mara kwa mara, akilala isivyo kawaida, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, au damu au majimaji yakitoka puani au masikioni. Kurudi kucheza kuwe kwa hatua, na mhudumu wa afya akubali.

Pili, shingo. Aliyeanguka na kulalamika shingo, au asiyesikia miguu, asinyanyuliwe ovyo wala kuketishwa. Alazwe alivyo, kichwa kishikwe kisigeuke, na msaada uitwe.

Tatu, tumbo. Huku kwetu pwani malaria ipo, na mtoto aliyeugua mara nyingi anaweza kuwa na bandama iliyovimba. Kishindo cha goti au kiwiko tumboni huweza kuipasua, na damu ikavuja ndani bila kuonekana. Mtoto aliyegongwa tumbo kisha akapauka, akatoka jasho baridi, au akaumwa tumbo au bega la kushoto, aletwe mara moja. Asipewe chakula njiani.

Nne, mfupa na kiungo. Kisivutwe, kisikandwe, kisipakwe dawa ya moto. Kifungwe na ubao au kadibodi ngumu ili kisitikisike. Barafu ya mfukoni inayouzwa dukani, ikizungushiwa kitambaa, iwekwe kwa dakika 15 hadi 20. Kisha aje apigwe picha. Mara nyingi tunaletewa mkono baada ya wiki tatu za kukandwa, na kazi ya kuunyoosha inakuwa kubwa, pengine ya kuvunja upya.

Ndugu wapendwa, kombe la plastiki hufifia kabatini, lakini mkono uliopinda hubaki na mwenye mkono. Kabla ya mashindano yanayofuata, baba au mama, nenda kamwulize mwalimu: "Timu zimepangwaje?" Swali hilo ni la dakika moja, na kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Watoto wetu hucheza na nani jioni? Wamepishana miaka mingapi?
2. Ni watoto wangapi nyumbani hawana cheti cha kuzaliwa, na nani atafuatilia?
3. Kijana mkubwa aliye darasa la chini tunamsaidiaje apate mchezo wa rika lake bila aibu?
4. Uwanja wetu una goli lisilofungwa imara? Ni nani atalichimbia, na lini?